Waja Agosti, Waondoka Aprili: Siku Moja ya Kutazama Ndege Tanga

Swali: Shikamoo mzee. Dada yangu anaishi Uingereza, na kila ifikapo Januari hunitumia picha akiwa amejifunga skafu hadi puani, darubini shingoni, anazunguka siku nzima kwenye njia za msituni na kando ya maziwa akitazama ndege. Mimi niko Tanga mjini, nafanya kazi siku sita kwa wiki, na kuna mwalimu ameniazima darubini yake. Je, na sisi huku tuna msimu kama huo, au ndege wetu ni wale wale mwaka mzima? Nikipata siku moja niende wapi, na saa ngapi? Nilijaribu mara moja kwenda ufukweni asubuhi, nikaona vindege vya kijivu vinavyofanana vyote, nikarudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hicho kichwa kuuma, maana ndani yake mna nusu ya jibu. Ulikwenda ufukweni asubuhi. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo saa moja au saa mbili asubuhi ukielekeza darubini baharini unalitazama jua usoni, na kila ndege aliye mbele yako anageuka kivuli. Hata mimi niliyezeekea kwenye kazi hii nisingewatambua. Halafu nahisi ulikuta maji yamekupwa, ndege wako nusu kilomita mbele kwenye tope, na jua lilipopanda mvuke wa joto ukaanza kuwachezesha kama unawatazama kupitia moshi wa jiko. Macho yako hayana kosa, wala darubini ya mwalimu. Ulikwenda mahali penyewe kwa saa isiyo yake.

Sasa kuhusu msimu. Tunao, na ni ule ule wa dada yako. Bata anaowaona yeye ziwani Januari wengi wamekimbilia Uingereza kutoka Iceland na Siberia, kwa sababu maziwa ya kule kwao yameganda. Hao kwao Uingereza ndiyo kusini. Wengine hawawezi kuishia hapo, wanaendelea kushuka hadi kwetu. Na usidhani wanakimbia baridi kama sisi tunavyoikimbia. Ndege ana koti zuri la manyoya. Wanachokimbia ni njaa. Tope likiganda mdomo hauingii, wadudu wakitoweka hakuna cha kudonoa, na katikati ya Desemba mchana wa London haufikishi hata saa nane za mwanga. Wewe hapo Tanga mwezi huo una zaidi ya saa kumi na mbili za mwanga, na tope laini mwaka mzima.

Watu hututania kwamba Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo. Ndege hawa ni waja Agosti waondoka Aprili. Wakubwa hutangulia, wengine huonekana tangu mwisho wa Julai, na watoto wao hufuata nyuma Septemba na Oktoba bila mtu wa kuwaonyesha njia. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Februari, wote wamekwisha kutulia. Huo ndio wakati wako.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulikosea, na nataka ulishike kabla sijakupangia siku. Mtu akisikia "ndege wahamaji" na "Tanga", mawazo yake hukimbilia Amani, kwenye msitu mnene wa milima ya Usambara. Amani ni pazuri, na historia ya jambo hili imepita pale. Mwingereza Reginald Moreau alifika kwenye kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1928 akakaa hadi 1946, akifanya kazi na Salimu Asmani, aliyekuwa mkusanya ndege wake. Jina la Moreau limebaki kwenye kindege kimoja cha Usambara chenye mdomo mrefu. La Salimu walijuao ni wachache, na mimi hulitaja kila nipatapo nafasi. Moreau ndiye aliyekadiria kwamba ndege wa nchi kavu kama bilioni 5 hushuka Afrika kila mwaka kutoka Ulaya na Asia. Watafiti waliohesabu upya mwaka 2009 waliishusha idadi hiyo hadi bilioni 2 na kidogo. Lakini moja alilolisisitiza halijapingwa: wageni hawa hawaupendi msitu mnene. Mle ndani wenyeji wameshajaa kila tawi. Mgeni hukaa pembezoni, kwenye vichaka, mashamba, nyaya za umeme na ukingo wa maji. Kwa hiyo kwa siku yako moja Amani iache. Kutoka Muheza kupanda kule barabara itakula asubuhi yako yote, na ukifika utakutana na wenyeji tu. Ipange safari ya Amani ya siku mbili, peke yake.

Siku yako ianze kwa kutazama mwezi. Kama una bibi wa pwani, hesabu hizi anazijua kuliko mimi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hupiga bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Kwa tarehe za Kiislamu ni kama tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17. Bamvua ya pwani yetu ina tabia inayompendelea mno mtazama ndege: maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa kabisa kwenye saa kumi au saa kumi na moja jioni. Kila kukicha saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukipata mapumziko yaliyoangukia tarehe hizo, mambo yanajipanga yenyewe. Asubuhi, jua likiwa baya kwa pwani, uko msituni. Jioni jua liko mgongoni mwako, bahari inapanda na kuwasukuma ndege wote waje karibu na nchi kavu. Huna haja ya kuwafuata kwenye tope, maji yanakuletea.

Alfajiri panda bodaboda, au daladala za barabara ya Horohoro, ushuke njia ya Kiomoni. Ni kilomita 8 hivi kutoka mjini. Uwe umefika kabla jua halijatoka, ambalo Januari hutoka kwenye saa kumi na mbili na dakika ishirini. Unakwenda upande wa mapango ya Amboni, lakini mapango waachie watalii na popo. Lipa kiingilio, chukua risiti, mwambie mwongozaji kwamba leo huingii pangoni, unataka miti. Atakushangaa kidogo, kisha atazoea.

Hapo dada yako anakuzidi kitu kimoja. Januari miti mingi ya Uingereza haina jani hata moja, ndege akitua juu ya tawi unamwona hadi kucha. Wewe unaingia msituni baada ya vuli, majani yameshonana. Ukizunguka na darubini usoni utaona majani tu. Simama. Dakika kumi mahali pamoja, mgongo kwenye mti, masikio kazini. Ukisikia kama mtoto mchanga analia juu ya miti, usiite watu: ni hondohondo, na akiruka utamsikia mabawa yake kabla hujamwona. Ukisikia kitu kikubwa kinakimbia juu ya matawi kama tumbili, subiri kiruke. Likifunguka bawa jekundu kutoka kwenye mwili wa kijani, umemwona shorobo, na kwangu mimi huyo peke yake analipa nauli. Kando ya mto tafuta mdiria. Kwenye maua tafuta chozi, kindege mnyonya maua. Ukiona kimya kirefu kikafuatiwa na vindege vya aina tano au sita vinavyopita pamoja juu ya kichwa chako, usihangaike kuvitaja vyote. Vinatembea kundi moja ili macho yawe mengi, na ndivyo wanavyofanya hata vindege vya misitu ya dada yako wakati wa baridi. Chagua kimoja, ukitazame vizuri, vingine viache viende zao.

Saa mbili na nusu toka msituni. Sasa unawatafuta wageni. Tembea polepole kwenye njia ya vichaka kurudi barabarani. Kwenye nyaya, mbayuwayu; wengi wao hawa waliangua chini ya paa za mazizi ya ng'ombe huko Ulaya. Kwenye migunga tazama kindege cha kijanikijivu kisichotulia, uzito wake gramu 9 hivi, kinapekua jani kwa jani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Hicho kimevuka jangwa la Sahara. Kwenye tawi kavu kuna mwingine wa kahawia, hana sifa yoyote ya kuvutia, ila ana tabia moja inayomtoa mafichoni: huruka, hunasa mdudu hewani, hurudi kwenye tawi lile lile. Ukimwona akirudi mara tatu hutamsahau. Ukipita kwenye shamba la mkonge, kagua ncha za milingoti moja moja, kwa sababu mlingoti wa mkonge ndio kiti cha juu kuliko vyote na kila mwinda wadudu anautaka. Keremkerem hupita juu wakilia. Wasikilize hao kabla ya kuwatafuta kwa macho.

(Ukipata siku nyingine Novemba, mvua za vuli zikianza, tazama juu, kwenye mawingu ya mvua. Kuna vipanga wadogo hutoka Siberia ya mashariki na China, wakapitia India, wakavuka Bahari ya Hindi moja kwa moja kuja huku. Watafiti wanaamini wakiwa njiani hula kereng'ende, ambao nao wanavuka bahari hiyo hiyo. Wale kereng'ende wanaojaa mtaani vuli ikianza, tuliokuwa tukiwafunga uzi utotoni, huenda baadhi yao ni Wahindi.)

Mchana rudi mjini ule, ulale. Nasema ulale kweli. Kuanzia saa tano hadi saa nane joto la kaskazi halina huruma, ndege wenyewe wamejificha kivulini, na wewe una kazi jioni.

Umetaja maziwa ya dada yako. Tanga mjini hatuna ziwa. Tuna bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ndilo linalotunywesha, na si mahali pa kwenda kuzurura bila ruhusa. Ziwa lako wewe ni mashamba ya chumvi, yale yaliyo kaskazini ya mji kuelekea Mkinga. Ufukwe wa upande huo na mashamba yake ya chumvi umo kabisa kwenye orodha ya dunia ya maeneo muhimu kwa ndege, ingawa wengi wetu hupita pale tukidhani ni uwanja mtupu unaonuka magadi.

Fikiri lilivyo shamba la chumvi. Bamvua inaingiza maji kwenye jaruba la kwanza, jua linayapunguza, yanahamishiwa la pili yakiwa makali zaidi, la tatu, hadi la mwisho chumvi inakaa sakafuni na watu wanaikwangua. Kwa hiyo kila jaruba lina kina chake na ukali wake, na kila ndege anachagua la kwake. Juu ya hilo, bahari ikijaa tope lote la nje linafunikwa, na maelfu ya miguu iliyokuwa imetawanyika kilomita nzima inahitaji mahali pakavu pa kusimama saa mbili tatu. Kingo za majaruba ndiyo benchi lao. Fika saa nane na nusu, muone msimamizi, muombe ruhusa, muulize kingo zipi ni mpya. Ukingo mpya ukiukanyaga unabomoka na umemharibia mtu kazi ya wiki. Kisha kaa chini. Mtu aliyekaa hana umbo la mtu, ndege humzoea upesi.

Na sasa vile vindege vyako vya kijivu. Kosa la kila anayeanza ni kutafuta rangi. Rangi wameziacha kwao. Kuna kitwitwi mmoja anayeangua kaskazini kabisa mwa Siberia; mwezi wa Juni ana kifua chekundu kama tofali, na akija kwako Januari ni kijivu juu na mweupe chini, basi. Acha rangi. Tazama mdomo, tazama miguu, tazama mwendo. Huyo niliyemtaja ana mdomo mweusi mrefu unaopinda chini taratibu kuelekea nchani, na akiruka utaona weupe juu ya mkia. Kando yake utakuta mdogo kuliko wote, miguu myeusi, mdomo mfupi ulionyooka, gramu 25 hivi, hafikii uzito wa kitumbua. Anadonoa kwa pupa kama aliyefunga siku nzima. Mwingine mdomo wake umebetuka juu, miguu mifupi ya rangi ya chungwa, anakimbia ameinama kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Huyo ukimwona mara moja unamjua maisha. Sululu ni rahisi: mkubwa, wa kahawia, mdomo kama mundu, na filimbi yake ya haraka haraka utaisikia kabla ya kumwona. Halafu wako wenye mdomo mfupi na macho makubwa, ambao mwendo wao ni kukimbia hatua chache, kusimama, kuinama. Hao huwinda kwa macho, wenye midomo mirefu huwinda kwa kupapasa ndani ya tope. Ukishaweza kuwagawa makundi hayo mawili, siku yako ya kwanza imefaulu. Majina yatakuja.

Yule ninayetaka umtafute kwa bidii ni mla kaa. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya bluu hafifu, na mdomo mnene mweusi usiofanana na wa mwenzake yeyote pale. Huyu hatoki Siberia. Anaangua kwenye fukwe za Ghuba ya Uajemi, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, na anaangua ndani ya shimo analochimba mchangani, yai moja jeupe, joto la mchanga likimsaidia kulalia. Mtazame kwa utulivu. Husimama kama amesahau alichokuja kufanya, hupiga mbio hatua nne, hudunga, kaa yuko mdomoni. Ukibahatika utaona nyuma yake mwingine wa kijivu kidogo, ameinamisha kichwa, anampigia kelele: huyo ni mtoto wake. Ameruka kutoka Uarabuni hadi Afrika Mashariki kwa mabawa yake mwenyewe, na bado anamfuata mzazi akitaka kulishwa. Niliwahi kumwona mmoja akinyang'anya mguu wa kaa mdomoni mwa mama yake, nikacheka hadi kundi lote likaruka. Sikujisifu, maana kila unapowarusha unawatoa mafuta wanayoyaweka kwa safari. Kabla ya Aprili baadhi ya wale wanaorudi Siberia hukaribia kuwa na uzito mara mbili.

Ukitaka kuhesabu, usihesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, ona kumi wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi zima kwa vipande vya kumi kumi. Andika kwenye daftari tarehe, saa, mahali, hali ya maji. Kila Januari kuna hesabu ya dunia ya ndege wa maji, kwa Ulaya tangu 1967 na kwa Afrika tangu 1991. Wewe na dada yako mnaweza kuhesabu wiki moja, yeye ziwani kwake na wewe kwenye chumvi.

Darubini: angalia namba zilizoandikwa juu yake. 8x42 ni nzuri. Ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kama ya mwalimu ni 10 na mikono inatetemeka, egemeza viwiko magotini. Na usiielekeze kamwe bandarini, wala kwenye eneo la bomba la mafuta Chongoleani, wala kwenye nyumba za watu. Niliwahi kukalishwa kwenye benchi la walinzi wa kituo kimoja kwa saa mbili, nikieleza kitwitwi ni nini. Mwisho mkubwa wao akaichukua darubini ahakikishe mwenyewe, akamwona sululu, akaniuliza kama analika. Siku hizi hujitambulisha kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, na hubeba picha za ndege kwenye simu.

Ikiwa mapumziko yako hayaangukii bamvua, mwezi uko nusu, basi ni maji mafu na saa zimegeuka: yatajaa kwenye saa nne asubuhi, yatakupwa kwenye saa kumi jioni, na hata yakijaa hayatafika mbali, kwa hiyo ndege wengi hawatalazimika kuja majarubani. Siku hiyo msitu bado ni wa alfajiri. Kisha kwenye saa nane mchana, maji yakiwa bado yanatoka, nenda kwenye ukingo wa mikoko badala ya chumvi, simama mahali penye mkondo mdogo unaoingia baharini, jua likiwa mgongoni, usubiri maji yakitoka. Tope la kwanza kufunuka huwa pembeni mwa mkondo, hatua chache kutoka ulipo, na wenye njaa hawangoji lote likauke. Vaa viatu ambavyo hutavililia.